Niliitiwa Mwizi kwa Kadi Niliyoivumbua Mwenyewe

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, fundi wa kompyuta hapa Mwanza. Haya ninayaandika kwa mkono wa kushoto, mkono niliolazimika kuufundisha kuandika ukubwani, kama mtoto wa chekechea. Mkono wa kulia upo, lakini umebaki na vidole viwili, na hivyo viwili havisikii ninachoviambia.

Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu najua kati yenu wapo waliowahi kuokota jiwe wakamrushia mtu wasiyemjua, kwa kuwa tu mtu mwingine alipiga kelele. Nataka hao wanisome mpaka mwisho.

Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu Magu na shule yangu ikaishia hapo. Mengine nimeyaokota mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba, kamusi ya Kiingereza iliyokosa jalada, na mashine mbovu ambazo watu walizitupa. Si msomaji wa haraka. Sentensi nisiyoielewa siiruki, nakaa nayo mpaka ikubali. Kwa mwendo huo nikapata kibanda changu cha ufundi Mirongo, na shule zikaanza kuniletea kompyuta zao.

Ugonjwa ulikuwa karibu kila mara ule ule... diski. Umeme unakatika ghafla, diski inaumia. Vumbi linaingia, joto linapanda, diski inakufa, na kazi za wanafunzi zinakwenda nayo. Nikajiuliza, kwa nini kila kompyuta ibebe diski yake tumboni? Kwa nini isiwepo diski moja nzuri, kwenye chumba kinachofungwa, yenye betri, na kompyuta zote ziitumie kwa waya?

Wenzetu walishaliwaza hilo zamani. Tatizo ni kwamba kompyuta ikijua diski yake iko mbali, inadai programu maalumu, na waya ukikatika kidogo tu inaganda. Mimi nilitaka kadi ya mtandao, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta, itakayoidanganya kompyuta yenyewe. Kompyuta ikiwaka inauliza, diski iko wapi? Kadi inajibu, ni mimi. Kumbe ndani yake hamna diski yoyote, kila inachoombwa inakifuata kwenye waya.

Kwa mtu asiye fundi nilikuwa naeleza hivi. Chukulia muuza duka ambaye bidhaa zake zote ziko stoo, ng'ambo ya barabara. Mteja akiomba sukari anamwambia, "Ipo, subiri kidogo," anakimbia stoo na kurudi nayo. Mteja hajui habari za stoo. Sasa barabara ikifungwa je? Muuzaji wangu ana kopo dogo chini ya meza. Mteja akileta kitu cha kuhifadhi, anakitia humo, anasema tu "subiri," na njia ikifunguka anavipeleka vyote stoo kwa mpangilio ule ule aliovipokea. Lile kopo, yaani kumbukumbu ndogo iliyo kwenye kadi, na ule mpangilio ndio uliokuwa uvumbuzi wangu. Mengine yote niliyakuta duniani.

Mfano huo wa duka ndio uliokuja kuniponza.

Mwenzangu katika kazi hii alikuwa Elikana, mume wa mdogo wangu Kabula. Ni mtu wa Mara, kwao ni wavuvi, lakini yeye alikuwa na duka la vifaa vya umeme Nyakato. Ndiye aliyeagiza vipuri kutoka nje. Mimi nilitoa kichwa na mikono, yeye akatoa mtaji.

Nilimpenda shemeji yangu, sitasema uongo. Alikuwa mchangamfu, mwingi wa maneno, akifurahi anakukumbatia mpaka mbavu zinalia. Lakini hasira yake ilikuwa haina breki. Siku moja dukani kwake mteja aliitazama kadi yetu akaiita kichezeo. Elikana alinyanyua kibodi iliyokuwa mezani akampiga nayo mdomoni. Vitufe vikatawanyika sakafuni, damu ikafuata. Kisha akainama, akaokota kitu cheupe.

"Shem, hebu nisaidie," aliniambia. "Hili ni jino au ni herufi O?"

Watu wakacheka. Mteja wa watu ameshika mdomo, watu wanacheka...

Kadi ya kwanza ilipofanya kazi bila kugoma, Elikana alilia machozi. Tukakubaliana tuombe hataza. Kwa asiyejua, hataza ni hati ya serikali inayosema kitu hiki kimevumbuliwa na fulani, na kwa muda uliowekwa hakuna mwingine kukitengeneza bila ruhusa. Hupewi bure. Kuna mkaguzi anayekichunguza kitu chako kwa maswali magumu. Je, ni kipya, au kiliwahi kujulikana mahali popote? Je, fundi wa kawaida angeweza kukiwaza bila kuumiza kichwa?

Michoro ya maombi niliichora mwenyewe, nikairudia, nikairudia tena. Elikana alikuwa hatulii.

"Shem, wewe ukiambiwa uchore yai, utaanza na kuku," alinitania.

"Mkaguzi hatasoma utani wako," nilimjibu. "Atasoma michoro."

Muda mrefu ukapita hivyo. Hatimaye wakala wa hataza tuliyempata Dar es Salaam akayapeleka maombi. Kwenye nafasi ya mvumbuzi liliandikwa jina langu peke yake. Kwenye nafasi ya wamiliki tukaandikwa sote wawili. Barua pepe tulitumia ya Elikana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ofisi yenye intaneti ya uhakika.

Maswali ya kwanza ya mkaguzi yalipofika, niliyafurahia kama barua ya mchumba. Alisema dai letu la kwanza, yaani tunachodai kuwa ni chetu, ni pana mno, kwamba kadi zinazojifanya diski zipo tangu zamani. Alikuwa sahihi. Nikalipunguza, nikabakisha kopo na mpangilio, nikaeleza kinachotokea waya unapokatika katikati ya kuandika. Akajibu kwamba hapo sasa anaiona hatua ya ubunifu, jambo ambalo fundi wa kawaida asingeliwaza. Kilichobaki ni uchunguzi wa mwisho wa upya.

Hatua ya ubunifu... Mtoto wa Magu, wa darasa la saba! Nililisoma jibu lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Wiki zile alinitembelea mtu wa Dar, mnunuzi wa kompyuta chakavu. Nilimpeleka kula sato karibu na ziwa. Hatukuzungumza lolote kuhusu kadi, ni bei za chuma chakavu tu. Elikana akapita, akatuona, akasimama.

"Naona mnakula raha," alisema.

"Karibu, shem, vuta kiti."

"Aa, kuleni tu. Mimi si mtu wa Dar."

Akaondoka. Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Asubuhi moja, nimefungua kibanda, pasi ya kulehemu imeanza kupata moto, nikamwona anakuja kwa miguu katikati ya barabara. Shati limefunguka vifungo. Simu iko mkononi. Hakunisalimu. Aliingia, akaupindua ubao wangu wa kazi na kila kilichokuwa juu yake.

"Umemuuzia nani?"

"Nimeuza nini, shem? Kaa chini kwanza."

"Usiniite shem. Mkaguzi ameandika hapa. Kadi imeshatolewa hadharani kabla hatujaomba. Nani aliitoa? Tulikuwa wawili tu!"

"Nipe nisome."

"Usome nini? Wewe na yule mtu wa Dar mlikuwa mnasoma nini pale ziwani?"

"Elikana, nipe hiyo simu nisome ukurasa unaofuata. Mkaguzi huwa anataja alikokiona kitu."

Nilinyoosha mkono kuichukua simu. Akanipiga ngumi ya shingo, nikaangukia nje, kwenye mtaro. Nilipoinuka alinikwida shati kwa nyuma, akanigeuza niwaangalie watu wote wa mtaa, akatamka lile neno.

"Mwizi! Huyu mwizi jamani! Kaniibia!"

Wasomaji, mimi nimefanya kazi mtaa ule miaka mingi. Wananijua. Wananiita fundi. Nilikuwa na hakika kwamba watacheka, wamwambie, "Acha hizo Elikana, huyu ni shemeji yako."

Jiwe la kwanza lilinipata sikioni.

Sikumwona aliyelirusha. Nikasikia mlio kama kengele, kisha damu ya moto ikashuka shingoni. La pili likanipata mgongoni. Nilikimbia hatua chache nikapigwa mtama. Nilipoanguka wakanifunika. Viatu, fimbo, vipande vya tofali. Mtu mmoja alinipanda kifuani kwa magoti yote mawili na nikausikia ubavu ukikatika, sauti kavu kama ya kijiti. Wengi wao nilikuwa nawajua kwa majina. Niliwaita kwa majina. Kuna niliyewahi kumtengenezea redio ya mama yake, nikamtaja yeye na mama yake, akanipiga teke la mdomo.

"Ni mimi... fundi..." nilikuwa nasema.

"Fundi wa kuiba," mtu akajibu, na wenzake wakashangilia.

Kisha nikamsikia mwingine anasema, "Mkono. Kata mkono ulioiba." Hawakuwa na panga. Waliulaza mkono wangu wa kulia juu ya jiwe la msingi wa kibanda changu mwenyewe, mmoja akaukanyaga kwenye kiwiko, mwingine akaushukia kwa nondo. Mara ya kwanza nilipiga ukelele. Mara ya pili na ya tatu sikuwa na sauti tena. Niliviona vidole vyangu vikiwa si vidole... Vilikuwa kitu kingine, kitu cha buchani. Na katikati ya maumivu yale nikawaza jambo la ajabu. Niliwaza, sasa nitalehemu na nini?

Halafu likaja tairi. Nililisikia likiviringishwa. Harufu ya petroli ikanijaa puani, na petroli yenyewe ikaniingia kwenye vidonda. Mtu alikuwa anaulizia kiberiti, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka kuwasha sigara.

Aliyeniokoa ni mama lishe wa jirani, Mama Rehema, mwanamke mnene wa makamo aliyekuwa akiniuzia maharage kila siku. Alitoka na sufuria lake likiwa linachemka, akawamwagia maharage ya moto wale wa mbele. Nilisikia wakilia na kurudi nyuma huku wakijikung'uta. Kisha akaja kunikalia. Ndiyo, alinikalia, uzito wake wote, juu ya mbavu zilizovunjika.

"Haya, washeni," aliwaambia. "Mtuchome wawili. Mwenye kiberiti yuko wapi?"

Hakuna aliyesogea. Elikana alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda changu. Alikuwa ananitazama. Hakunyanyua jiwe hata moja, hilo nitamshuhudia. Lakini hakusema pia, "Acheni." Gari la polisi liliposikika, aligeuka akaenda zake.

Niliamka wodini, mkono ukiwa umefungwa kama mtoto mchanga. Madaktari waliviondoa vidole vitatu. Ubavu uliniuma kila nilipopumua na jicho moja lilikuwa limevimba hadi kufumba.

Kabula alikuja. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, niliyempeleka shule kwa pesa za kibarua. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalia, akanifuta uso, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Kaka... niambie tu ukweli. Uliuza?"

Nondo iliuma. Swali hilo liliuma zaidi! Kama mtu wa tumbo moja na mimi ameamini, nani nje atanisafisha? Nitatoka hospitali niende wapi na jina la mwizi? Tangu siku ile sikutaka hataza tena wala kisasi. Nilitaka kitu kimoja tu, jina langu lirudi.

"Niletee ile ripoti ya mkaguzi," nilimwambia. "Yote. Siyo ukurasa wa kwanza tu."

Elikana alikuwa ameshatoroka, lakini kompyuta ya dukani ilikuwa bado imefunguka kwenye barua pepe yake. Kabula aliichapisha ripoti kwenye steshenari akaniletea. Niliisoma kwa jicho moja, yeye akinifunulia kurasa. Ukurasa wa kwanza ulisema lile alilolisema Elikana, kwamba uvumbuzi ulikwishawekwa wazi kwa umma kabla ya tarehe ya maombi. Ukurasa wa pili ulichambua dai kwa dai. Wa tatu ulitaja chanzo. Haikuwa kampuni ya Dar wala mtu wa Dar. Ilikuwa video ya kwaya, iliyowekwa mtandaoni na kanisa moja dogo la uamsho, Nyakato.

Kabula aliacha kufunua.

"Hilo ni kanisa letu," alisema.

"Itafute hapo kwenye simu yako."

Akaitafuta. Nyimbo mbili za kwaya, kisha mchungaji anakaribisha shuhuda. Elikana anapanda mbele kwa suti yake ya kijivu. Mkononi ana kadi yangu. Kwetu huku mtu akianza biashara kubwa huipeleka madhabahuni ikaombewe. Nimeona wenye magari mapya wakifanya hivyo, wenye mashine za kusaga, wenye nyavu. Mchungaji akaichukua kadi, akaipaka mafuta ya upako. Hapo nikakumbuka kwamba siku moja niliikuta kadi ina mafuta, nikayasafisha kwa spiriti huku nikimlaumu Elikana kimoyomoyo kwa kula chapati kazini.

"Hebu waeleze washirika kinafanya nini," mchungaji akamwambia.

Na Elikana akaeleza. Jamani, alieleza! Muuza duka, mteja, stoo ng'ambo ya barabara, kopo chini ya meza, mpangilio ule ule wa kupokea. Akachukua ubao wa watoto wa shule ya Jumapili akachora kwa chaki, sanduku kwa sanduku, mshale kwa mshale. Hakukosea hata mahali pamoja. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba fundi wa kawaida, kwa maelezo hayo peke yake, angeweza kuitengeneza kadi. Ni kweli. Angeweza.

Mwishoni mchungaji alimuuliza hekima hii aliipata wapi.

"Mungu alinionyesha ndotoni," alijibu Elikana. Jina langu halikutajwa.

Kwenye safu ya mbele mwanamke mmoja akasimama akapiga vigelegele. Alikuwa Kabula mwenyewe. Alijiona kwenye simu yake, amevaa kitenge chake cha sikukuu, anamshangilia mumewe. Siku ile hakuwa ameelewa neno hata moja la mambo ya kadi. Aliiweka simu kifudifudi kitandani, akauinamia mkono wangu uliofungwa.

Mkasa haukuishia hapo. Kaka yetu mkubwa, Shija, alikuwa ametoka Magu na vijana wa ukoo, na hawakuja kuniuguza. Elikana alikuwa amejificha kwa ndugu yake Usagara. Mchana mmoja Kabula aliingia wodini anakimbia, simu iko sikioni, midomo imekauka.

"Wamemkamata. Wanamuua. Kaka, ongea nao, wewe watakusikiliza."

Akaniwekea simu sikioni.

"Shija," niliita.

"Tunaye. Wewe pumzika, hii kazi ni yetu."

Nyuma yake niliisikia fimbo ikitua kwenye nyama, na sauti ya mtu ambayo sikuitambua tena kuwa ya Elikana.

"Mwacheni."

"Tumwache? Vidole vyako viko wapi?"

"Shija, ninao ushahidi. Upo kwenye simu, ni sauti yake mwenyewe. Mkimuua, nitabaki mwizi milele, watu watasema tumemnyamazisha. Mpelekeni polisi akiwa hai."

Fimbo ikanyamaza.

"Wewe tangu utoto una maneno ya mwalimu," alisema Shija. Kisha akaongeza, kwa utulivu ulionitia baridi, "Sawa. Tutamleta. Ila jicho moja limeshakwenda, hilo usitudai."

Polisi walimleta Elikana hospitali ile ile, na kwa kuwa wodi zilijaa, wakamlaza kitanda cha ng'ambo yangu, amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Uso wake ulikuwa umevimba kama mkate. Siku mbili tatu tulitazamana tu, watu wawili wenye macho mawili yanayoona kati yetu, maana langu bovu lilikuwa halijafunguka.

Aliyeanza ni Kabula. Aliinuka na simu, akaishikilia mbele ya uso wa mumewe. Elikana akajitazama mpaka mwisho.

"Huo ni ushuhuda," alisema.

"Ni video, Elikana," nilimjibu. "Ilikuwa mtandaoni kabla hatujapeleka maombi. Ndiyo aliyoitaja mkaguzi."

"Nilikuwa namshukuru Mungu. Sikumwambia mtu."

"Na wale waliojaa mle ndani?"

"Wale si watu wa nje, shem. Wale ni washirika."

Alikuwa anaamini anachokisema. Hilo ndilo lililonishangaza. Katika akili yake kanisa halikuwa hadharani. Alikuwa ameitafuta siri iliyovuja kila mahali, kwangu, kwa mtu wa Dar, na wala hakuwahi kukumbuka madhabahu.

"Na ndoto?" nilimuuliza. "Kopo uliliona ndotoni?"

Aligeuza uso, jicho lake moja likatazama dari.

"Kila mahali ni wewe," alisema. "Nyumbani kwangu, mke wangu, kaka ana akili, kaka ana akili. Kwenye fomu, wewe. Mimi ni mfuko tu. Nilitaka siku moja nami nionekane nina kichwa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuonea wivu?"

Kabula alikuwa amemletea chupa ya uji. Aliichukua mezani pake, akavuka nayo, akaiweka mezani pangu.

"Uliniacha nimuulize kaka yangu kama ni mwizi," alimwambia mumewe, na hakumwongelesha tena mpaka alipotolewa kupelekwa mahabusu.

Wakala wetu alijaribu kujitetea mbele ya mkaguzi. Sheria inamsamehe mwombaji aliyejitangazia mwenyewe, iwapo alifanya hivyo muda mfupi tu kabla ya kuomba. Sisi muda huo ulikuwa umepita, ukimezwa na ile michoro niliyokuwa nairudia. Wala hatukuweza kusema kuna mtu wa nje aliyetuibia, maana aliyesema alikuwa mwombaji mwenzangu. Maombi yakakataliwa. Simlaumu mkaguzi. Aliuliza alichotakiwa kuuliza, na akatafuta mpaka akapata. Laiti Elikana angefungua ukurasa wa tatu kama mkaguzi alivyofungua kila kitu!

Elikana alihukumiwa kifungo, pamoja na wawili waliotambuliwa katika lile kundi la watu. Shija naye ana kesi yake kwa ajili ya lile jicho, na anasema hajuti. Mimi na yeye hatuongei sana siku hizi. Video ya kanisani ilioneshwa mahakamani, na mtaa wote ukajua nani alikuwa nani. Jina langu likarudi. Lakini waliobaki hawakukamatwa kamwe. Mmoja wa walioushika mkono wangu hupita kibandani karibu kila asubuhi.

"Shikamoo, fundi," ananiambia.

"Marahaba," naitikia. Nifanyeje? Mtaa ni huu huu.

Kadi sasa ni ya kila mtu. Yeyote anayetaka anaweza kuitengeneza, na mimi nimeifunga kwenye shule kadhaa bila kumwomba mtu ruhusa. Kulehemu anafanya Kabula. Nimemfundisha polepole, mimi nasema pa kugusa, yeye anagusa. Ana mkono mtulivu kuliko wangu ulivyokuwa.

Ndugu wasomaji, kama una kitu ulichokibuni, cherehani, jiko, programu, chochote, usikipeleke kwenye ibada, harusini wala kwenye kundi la simu kabla hujapeleka maombi. Mshukuru Mungu chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Atakusikia vilevile. Na ukipata barua ya ofisi, isome yote ndipo ukasirike.

Lakini ninalowaomba zaidi ni hili. Siku ukisikia mtu anaitwa mwizi barabarani, na mkono wako umeshaanza kutafuta jiwe, muulize anayepiga kelele ameibiwa nini, lini, na amejuaje. Muulize kwa sauti, wote wasikie. Mtaani kwangu palikuwa na watu wengi siku ile, wema tu, wenye watoto na makanisa yao. Kila mmoja alipata jiwe la kushika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na swali.